Plasta ya Mkunga

Mtaani kwetu watu hawaulizi mtoto ameletwa nyumbani lini. Wanauliza, "Ulikisikia Kikohozi saa ngapi?"

Kikohozi ni gari la Mkunga. Kwa miaka mingi hakuna kichanga cha mtaa huu kilichotoka hospitali kikaingia kwao kwa usafiri mwingine, awe mtoto wa mwenye nyumba au wa mpangaji. Tulikuwa tunakisikia tangu kwenye kona ya duka la mikate, kinanguruma, kinakohoa, kinanyamaza kidogo cha kututisha, halafu kinanguruma tena, na sisi tunaacha tulichoshika na kutoka nje. Aliyekuwa anafua alitoka na povu hadi viwikoni. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya ndevu. Mimi fundi cherehani, ambaye kibanda changu kinatazamana na lango la Mkunga, nilikuwa natoka na pini mdomoni, na nimeshaambiwa mara nyingi kwamba iko siku nitaimeza. Bado naingoja siku hiyo.

Mkunga mwenyewe ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alistaafu zamani, lakini nadhani hospitali haikumweleza vizuri akaelewa, maana kila asubuhi bado anavaa viatu vyake vyeupe na kuzunguka mtaani akikagua matumbo. Mjamzito akionekana amebeba ndoo, ole wake na ole wa mumewe. Na hapendi kushukuriwa. Ukimpelekea zawadi anairudisha mpaka mlangoni kwako, na maneno juu, majirani wote wasikie. Tulijaribu sana kumpa mkono wa asante, tukanyoosha mikono.

Kuendesha nako anaendesha kwa namna yake. Kile kioo cha katikati, ambacho madereva wengine wanakitumia kutazama magari yaliyo nyuma, yeye amekiinamisha kitazame kiti cha nyuma. Anachokiangalia ni blanketi. Anataka kuona linapanda na kushuka, basi, maana kwa kelele za Kikohozi hata mtoto akilia huwezi kumsikia, sembuse kupumua. Nilimwuliza siku moja, sasa magari ya nyuma atayaonaje. Akaniambia walio nyuma wana macho yao.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekulia kwenye kiti cha mbele cha gari hilo. Tangu akiwa mdogo alifuatana na mama yake kwenda kuchukua vichanga, yeye kazi yake kubeba mkoba wenye nepi. Alikua, akaolewa, akahamia nyumba ya pili kutoka kwa mama yake, akakaa. Miaka ikaenda. Kila Kikohozi kilipoingia mtaani alitoka nje na sisi, akabeba mtoto wa mwenzake, akamnusa utosi, akamrudisha. Sisi wanawake tulikuwa tunaangalia pembeni wakati wa kumrudisha. Mkunga, aliyejua matumbo ya mtaa mzima, kuhusu tumbo lile hakusema neno hata siku moja.

Kisha mwaka huu likajaa. Sitaki kutia chumvi, lakini siku habari ilipothibitika nilishona suruali ya mwalimu mstaafu miguu yote miwili ikaelekea upande mmoja, naye akaivaa bila kulalamika, maana alikuwa na furaha kuliko mimi.

Mtoto alikuja mapema kuliko alivyotarajiwa. Wa kike, mdogo, mwenye vidole vya kuhesabiwa kwa miwani. Walimweka hospitali siku nyingi, mama yake kando yake, mpaka daktari aliporidhika. Akasema wanaweza kwenda nyumbani Jumamosi mchana, ila kifua cha mtoto bado kichanga, kisionje moshi hata kidogo.

Binti akampigia simu mama yake. Mimi nilikuwepo, nampima Mkunga gauni la kumpokelea mjukuu, futi yangu ikiwa imemzunguka kiunoni, kwa hiyo nilisikia kila kitu bila kutega sikio.

"Mama, unajua nataka kurudi nyumbani na gari gani."

"Najua," Mkunga akasema.

"Usije ukaniletea teksi."

"Nimesema najua."

Akakata simu, akabaki amesimama na futi yangu kiunoni, akitazama nje. Pale nje ndipo lilipokuwa tatizo. Kikohozi kilikuwa kimezeeka vibaya mwaka huu. Bomba lake la moshi lilikuwa limeoza upande wa nyuma, na moshi badala ya kutoka nje kistaarabu ulikuwa unapanda ndani kupitia sakafuni. Mkunga mwenyewe alikuwa akishuka humo macho mekundu, anajipangusa, anatuambia ni vumbi. Kumpakia humo mtoto yule ilikuwa haiwezekani, na kumnyima bintiye kile alichokingoja akiwatazama wenzake wote wakikipata, hilo nalo Mkunga hakuliweza.

Mnaweza kuniuliza, si kuna mafundi? Fundi yupo, tena wa magari, tena mwenye sifa. Ni huyohuyo mkwe wake, mume wa binti, baba wa mtoto. Na hapo ndipo palipokuwa na mfupa.

Mkwe huyu ni mrefu, mwembamba, mpole, na ni mpole kwa sababu aliwahi kusema sana mara moja tu. Ile siku alipokuja kujitambulisha kwa mama wa mchumba wake, amevaa shati nililomshonea mimi, alikuta Kikohozi kimesimama uani. Akataka kuonyesha kwamba hakosi kazi wala ujuzi. Akalizunguka gari, akagonga bodi kwa kidole, akasema, "Mama, hili lilipofika ni la kuuza chuma chakavu."

Mkunga alimmiminia chai, akamwuliza habari za wazazi wake, akamkubalia ndoa bila shida. Ila tangu siku ile alimwita "fundi," kavukavu, kama mtu anayesoma kibao cha dukani. Hakumwita mwanangu, hakumwita baba, na funguo za Kikohozi hakumwachia azishike. Gari likiumwa, Mkunga aliita mafundi wa mitaa ya mbali, na mkwe wake akiwa amekaa barazani anakunywa chai, akiwasikia wanavyogonga pasipogongwa. Nimewahi kumwona ameuma kikombe.

Basi Ijumaa ile Mkunga akamwita. Alisimama kwenye lango lake na mkwe alikuwa anapita kutoka hospitali.

"Fundi. Kesho asubuhi uje. Bomba."

"Nitakuja, Mama."

Alikuja jua likiwa bado linajikuna. Alileta jeki, vigogo vya kuzuia magurudumu, mkoba wa spana, na kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia. Akalifungua gunia na ndani mlikuwa na bomba jipya la nyuma, limepindwa sawasawa na umbo la Kikohozi, limelehemiwa, limepigwa rangi. Nikamwuliza amelitengeneza saa ngapi. Akajifanya anatafuta spana. Baadaye mkewe aliniambia lilikuwa limekaa nyuma ya mlango wa gereji yake tangu mwaka wa pili wa ndoa, linangoja aitwe.

Nilihamishia cherehani yangu mlangoni, nikisingizia mwanga. Na watu wakaanza kujikusanya uani kwa Mkunga, kila mmoja na kisingizio chake. Muuza duka alikuja kuuliza kama wanahitaji sabuni. Dereva wa lori alikuja kwa sababu anajua magari. Mwalimu mstaafu alikuja kwa sababu anajua kila kitu. Mkunga alikuwa ndani anapiga pasi nepi.

Mkwe aliinua gari, akaliegemeza kwenye vigogo, akalisukuma kwa bega kuhakikisha halichezi, akajilaza chini yake kwenye boksi lililokunjuliwa. Kazi ilianza vizuri. Ile mipira inayoning'iniza bomba aliipaka maji ya sabuni, ikateleza ikavuka kwenye ndoano zake bila ubishi. Nati za kibano zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka hazina pembe za kushikwa na spana, akazikata kwa msumeno wa chuma. Ikabaki sehemu moja tu, pale bomba la katikati linapoingia ndani ya mdomo wa bomba la nyuma. Alipapulizia mafuta ya kulegeza kutu, akangoja, akashika, akavuta.

Halikwenda popote.

"Lipashe moto," dereva wa lori akashauri. "Chuma kikipata moto kinatanuka."

"Tangi la mafuta liko hapa kwenye sikio langu," mkwe akajibu kutoka chini. "Moto sitaki."

"Basi kata lote."

"Nikikata la katikati nimeliua gari. Hilo bado zima, na magari ya aina hii hayatengenezwi tena. Nitalipata wapi leo?"

Leo ndilo lilikuwa neno. Kila mtu alitazama jua. Mwalimu akasema hesabu ya nguvu ni kujumlisha, na kabla mkwe hajasema ndiyo au hapana, wanaume wale wakawa wameleta kamba. Wakafunga nyuma ya bomba, wakajipanga, wakahesabu, wakavuta. Muuza duka aliteleza akakaa chini. Kikohozi kikatikisika juu ya vigogo vyake, na mkwe akatoka uvunguni haraka kuliko nilivyowahi kumwona mtu mrefu akitoka mahali pafupi.

Mkunga akatokea mlangoni, pasi mkononi, nepi begani.

"Mnavuta nini?"

"Bomba, Mama," mwalimu akasema.

"Linakuja?"

"Halijaanza."

"Basi mnavuta gari langu. Acheni."

Wakaacha. Kamba ikaanguka yenyewe. Mkwe alijipangusa mikono, akasema kwa sauti ya chini, akimwambia mama mkwe wake na si wale wengine, "Kuna kitu kimelishika, Mama. Si kutu peke yake. Naomba nilivue kwanza, nione kuna nini ndani."

"Livue," Mkunga akasema, na safari hii hakurudi ndani. Aliweka pasi dirishani, akavuta kigoda, akakaa.

Mkwe akarudi chini, akaanza kubandua. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa waya, mzongo mzima wa waya, uliozungushwa kwenye kiungio ukakazwa kwa koleo. Aliutupa nje ya uvungu. Mkunga akautazama.

"Huu ameuweka nani? Hakuna fundi niliyemlipa kwa waya."

Dereva wa lori akakohoa.

"Huo wangu, Mkunga. Zamani kidogo. Ulipomleta wa kwanza wangu nilisikia bomba linagonga. Ukalala mchana, nikaingia uvunguni."

"Uliingia uvunguni mwa gari langu nikiwa nimelala."

"Ningekuomba ungenikatalia."

Hilo lilikuwa kweli, na Mkunga hakulipinga. Chini ya waya kulikuwa na bati, limekatwa kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, na ng'ombe bado alionekana upande mmoja, kapigwa masizi. Hakuna aliyehitaji kuuliza kopo limetoka duka gani. Muuza duka alitazama viatu vyake, akasema, "Mapacha wangu." Chini ya bati kulikuwa na waya mwingine, wa senyenge, ule wa uzio wa bustani, umesukwa kwa unadhifu mkubwa. Mwalimu mstaafu akasema huo ni wa mjukuu wake wa kwanza, na kwamba aliufunga kwa fundo maalumu, kama fundi angependa kuelezwa. Fundi hakupenda. Kukawa na kipande cha mnyororo wa baiskeli cha kinyozi, aliyeitwa aje akakitambue. Kukawa na pete ya chuma ambayo mpaka leo haina mwenyewe, ingawa mimi nina mtu ninayemshuku.

Kila kitu mkwe alikipanga juu ya gunia. Ndipo tulipoelewa wote kwa pamoja. Mwanamke yule alitukatalia asante zetu, sisi tukazipeleka kwenye gari lake kwa siri, kila mtu akidhani yuko peke yake, na tukafunga juu ya kufunga mpaka bomba likashikika lisitoke tena. Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikatoa pini mdomoni kwa usalama.

Mkunga hakucheka. Alikuwa anaitazama ile mali ya kwenye gunia, midomo imekaza, na nilidhani tutasemwa mpaka jioni.

"Kumbe," alisema mwishowe. "Nami miaka yote najisifu kwamba gari langu ni gumu."

Kutoka uvunguni ikasikika sauti ya mkwe. "Bado kuna kitu. Huku chini kabisa. Nani alitia saruji?"

Watu wakatazamana. Mwalimu akasema saruji hapana, hata yeye asingefika huko. Dereva akaapa. Muuza duka akasema haiuzi.

"Ni nyeupe," mkwe akaendelea. "Imezungushwa kiungio chote. Ngumu ajabu. Ina nyuzi ndani."

Mkunga aliondoka kigodani. Alisogea mpaka kwenye gari, akainama kadiri ya kiuno chake, akachungulia. Halafu, mbele ya macho yetu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akicheka zaidi ya kwa pua alianza kucheka kutoka tumboni. Alicheka akishika bodi ya Kikohozi asianguke.

"Si saruji," akasema. "Ni plasta."

"Plasta gani, Mama?"

"Ya kufungia mguu uliovunjika. Niliifunga mimi."

Akatueleza huku anafuta macho. Ilikuwa miaka ile bintiye bado anabeba mkoba. Walikuwa wanamleta mzazi mmoja nyumbani, bomba likapasuka njiani, likawa linaburura chini. Mkobani mlikuwa na roli za plasta alizotakiwa kuzipeleka zahanati. Akangoja chuma kipoe, akaomba maji kwenye nyumba ya jirani, akalowesha, akalifunga bomba kama anavyofungwa mtu, akangoja ikauke. "Nikaliambia lisikanyage kwa wiki sita," akasema. "Likafika nyumbani. Nikasahau kulifungua."

Plasta peke yake ingekwisha kuvunjikavunjika zamani kwa joto. Ila juu yake sisi tulifunga waya na bati na senyenge, tukaikinga isianguke, ikanywa mafuta na kutu ikawa jiwe.

Nilimwangalia mkwe. Alikuwa ametoa kichwa tu nje ya uvungu. Mtu mwingine, baada ya kuitwa fundi miaka yote ile na kunyimwa gari, angekuwa na la kusema hapo, na lingekuwa tamu. Aliuliza tu, "Plasta inafunguliwaje, Mama?"

Mkunga akamtazama kidogo. Kisha akaingia ndani, akarudi na chupa ya siki, beseni la maji ya moto, vitambaa, na mkasi wake wa hospitali, ule wenye pua iliyopinda. Akaongeza boksi jingine chini, akajifunga kitambaa kichwani, akajilaza, akaingia uvunguni.

Tuliachwa na jozi mbili za miguu, mirefu ya mkwe yenye soksi zilizotoboka na mifupi ya mama mkwe yenye viatu vyeupe, imelala sambamba chini ya gari. Nilivuka barabara. Cherehani ingejilinda.

"Inaloweshwa kwanza," tulimsikia Mkunga. "Siki na maji. Usiwe na haraka nayo."

"Saa inakwenda, Mama."

"Saa iende. Sasa kata kwa urefu. Pande mbili, juu na chini. Nyuma ya mkasi ilale kwenye ngozi, usimchome aliyemo ndani."

"Hata hili bomba la nje ningelikata hivyohivyo. Kwa urefu, nisimguse wa ndani."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

"Watu walikuwa wengi, Mama. Wameshika kamba."

Halafu tukasikia vicheko viwili vya chini kwa chini, na mimi nikajikuta machozi yananilengalenga bila sababu ya kueleweka.

Plasta ikatoka vipande viwili, kama ganda la karanga. Kwa upande wa ndani bado ilikuwa na alama za vidole vya Mkunga pale alipokuwa ameilainisha. Kisha msumeno ukaanza, taratibu, kwenye mdomo wa bomba la nje, na baada yake tindo, kugongwa kidogo kidogo mpaka ufa ukafunguka. Mkwe akashika kuvuta.

"Usivute," Mkunga akasema.

"Sasa litatokaje?"

"Nimepokea nusu ya mji huu. Hakuna niliyemvuta. Zungusha kidogo. Rudisha. Zungusha. Mwache aje mwenyewe."

Tukasikia chuma kikilia kwa sauti nyembamba, kikageuka, kikarudi, kikageuka zaidi. Mwalimu alikuwa ameshika mkono wa muuza duka. Kikalia tena. Halafu ukaja mkwaruzo mrefu mlaini, na bomba lile kuukuu likalala chini lenyewe, katikati ya mama mkwe na mkwe, likitoa vumbi jekundu. La katikati lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo wa msumeno.

Walitoka uvunguni wote wawili wana nyuso nyeusi. Tuliwapigia makofi. Mkunga akasema tuache upuuzi, kazi haijaisha.

Bomba jipya liliingia mahali pake mara moja, maana lilikuwa limeshapimwa kwa macho kutoka barazani miaka nenda miaka rudi. Mkwe alikaza kibano kipya, akarudisha mipira, akashusha gari. Mkunga alikuwa ameshaoga, yuko ndani ya gauni langu jipya, amesimama mbele ya gari na mkoba wa nepi.

"Washa," akasema.

Mkwe akazungusha ufunguo. Tukangoja.

"Washa basi."

"Limewaka, Mama."

Hakuamini. Alikwenda akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo, kichwa ameinamisha, vilevile alivyokuwa akiweka kiganja kwenye matumbo yetu. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akamwondoa mkwe kwenye usukani, akakaa yeye, wakaondoka. Dereva wa lori aliyagandisha macho nyuma ya gari mpaka likapotea, akitafuta moshi.

Sisi tukatawanyika. Kila mtu alikwenda kungoja kwake, mlango wazi, masikio tayari, kama tulivyozoea. Tulikuwa tumeshinda asubuhi nzima tukitazama bomba likibadilishwa, tumelisikia gari lenyewe halisikiki, na bado hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba likirudi hatutalisikia. Mchana ukaingia. Nikaanza kukata kitambaa cha shuka dogo, nikawa natega sikio kwenye kona ya duka la mikate. Hakuna kitu. Nikasema moyoni, hospitali na makaratasi yao.

Nilipoinua kichwa kutafuta mkasi, Kikohozi kilikuwa kimesimama langoni.

Nilitoka mbio, na pini mdomoni, na shuka mkononi. Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima utoke, lakini dirisha la nyuma lilikuwa wazi na mkono wa Mkunga ukaniashiria ninyamaze. Binti alikuwa amekaa mbele, mahali pale alipokaa akiwa mtoto, mkoba wa nepi mapajani, uso wake sijui niueleze vipi. Kwenye usukani alikuwa mkwe. Kioo cha katikati kilikuwa kimenyooshwa, kinatazama barabara. Na Mkunga alikuwa kiti cha nyuma, mahali tulipokaa sisi wengine wote kwa zamu zetu, na blanketi kifuani.

"Umekaa nyuma," nikasema kijinga.

"Leta sikio."

Niliingiza kichwa dirishani. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikasikia, kitu kidogo, cha hewa, kinakwama kidogo mwishoni halafu kinaendelea.

"Tangu hospitali," Mkunga akaniambia kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Njia nzima namsikia. Wote wale niliowaleta, wako na wa wenzako, nilikuwa nawaangalia tu. Hata mmoja sikuwahi kumsikia."

Nilitoa pini mdomoni, nikambusu Mkunga shavuni, na asante hiyo hakuirudisha. Nyuma yangu majirani walikuwa wameanza kutoka mmoja mmoja, wananyata, wameshika viatu mikononi bila kuambiwa na mtu.

Mkwe akageuza kichwa. "Nizime, Mama?"

Ndipo nilipojua kwamba gari lilikuwa linawaka muda wote huo.

"Zima, mwanangu," Mkunga akasema. "Tumefika."